Sultani aliyeacha jina Ukambani: Maisha ya Seyyid Hamud na sauti ya buruji

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, akisha kuupita mji wa Emali, hukuta mji mwingine mpakani mwa Makueni na Kajiado, nao huitwa Sultan Hamud. Mabasi husimama, watu hununua matunda, wakanywa chai, wakaendelea na safari zao. Ni wachache mno wanaouliza huyo Sultani alikuwa nani, na jina la mtu wa Unguja lilifikaje katikati ya Ukambani, mbali na bahari, mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata kutawala hata siku moja.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa beni. Tangu ujana wangu nimepuliza tarumbeta katika maharusi ya Mombasa, na mdomo wangu una alama ya kazi hiyo mpaka leo. Kwa hivyo ninapousoma ubao wa kituo kile sikumbuki siasa tu. Nakumbuka pia sauti ya shaba na ngoma, kwa kuwa maisha ya Sultani huyu na maisha ya beni yetu yalipita katika njia moja na katika miaka ile ile.

MJUKUU WA SEYYID SAID

Seyyid Hamud bin Mohammed bin Said alizaliwa mwaka 1853. Babu yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, yule aliyeuhamisha ufalme wake kutoka Maskati akauweka Unguja. Hamud alikuwa mtoto mdogo wa miaka mitatu babu yake alipofariki mwaka 1856. Baada ya hapo aliwaona baba zake wadogo na wakubwa wakikikalia kiti mmoja baada ya mwingine: Majid, kisha Barghash mwaka 1870, kisha Khalifa mwaka 1888, kisha Ali mwaka 1890. Mwaka 1893 kiti kikamwendea binamu yake, Hamad bin Thuwaini. Yeye mwenyewe alimwoa Bibi Khanfura, binti wa Seyyid Majid, wakajaaliwa watoto.

Katika zama za Seyyid Barghash ndipo Unguja ilipobadilika sura. Mwaka 1883 lilisimama Beit al-Ajaib. Mbele ya kasri kulipigwa beni ya tarumbeta, na wapigaji wake walikuwa Wagoa, watu waliozoea ala za Kizungu tangu kwao. Mwaka 1877 Seyyid Barghash alimpa kazi afisa wa manowari wa Kiingereza, Lloyd Mathews, amfundishie jeshi kwa mtindo wa Kizungu. Mtindo huo haukamiliki bila ya buruji, yaani lile tarumbeta fupi la askari lisilo na vibonyezo. Buruji humwamsha askari alfajiri, humwita chakulani, humpanga mstarini na humlaza usiku.

Lakini asidhani mtu kwamba pwani yetu ilingoja Wazungu ndipo ijue heshima ya pembe. Siwa ya Lamu iliyofuliwa kwa shaba, na siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ni kongwe kuliko Seyyid Said mwenyewe. Siwa hupulizwa ubavuni, haipulizwi nchani, na haikupulizwa ovyo: ilikuwa alama ya wenye mji. Misafara nayo iliyotoka Mrima kwenda bara ilikuwa na ngoma yake na baragumu la pembe la tandala, na mbele yake ikapepea bendera nyekundu ya Sultani. Basi mtoto Hamud alikulia mahali ambapo pembe ya kale na tarumbeta mpya zilisikika katika mji mmoja.

AKETISHWA KWA MIZINGA

Tarehe 25 Agosti, 1896, Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Siku ile ile Seyyid Khalid, mwana wa Barghash, aliingia kasrini na watu wake akajitangaza Sultani. Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Unguja chini ya ulinzi wao, walimkataa. Mtu waliyemtaka ni Hamud. Wakampa Khalid muda: ifikapo saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera na kutoka.

Khalid hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizokuwa bandarini zikafyatua mizinga. Vita vile havikutimiza saa moja. Huhesabiwa kuwa dakika 38, na kwa hivyo hutajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Kasri likawaka moto, jahazi la kivita la Sultani, Glasgow, likazama, na watu wapatao 500 upande wa kasri wakauawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia nyumba ya balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishiwa visiwa vya mbali. Mwishowe aliruhusiwa kurudi pwani, akafia Mombasa mwaka 1927.

Mchana wa siku ile ile, moshi ukiwa bado haujatawanyika, Seyyid Hamud alitangazwa Sultani. Alikuwa na umri wa miaka 43. Hapo ndipo penye uchungu wa maisha yake. Mtu huyu hakukipigania kiti wala hakumwua aliyekuwapo, lakini alikikalia juu ya majivu, na kila mpiga buruji aliyempigia saluti tangu siku hiyo alijua ni nani hasa aliyemweka pale. Heshima ilikuwa yake. Nguvu zilikuwa za wengine.

HESHIMA NA MAMLAKA

Wapo waliomlaumu na wapo waliomtetea, na kila upande una hoja. Serikali yake iliongozwa na waziri mkuu wake, naye alikuwa yule yule Lloyd Mathews, na nyuma ya Mathews alikuwapo balozi wa Kiingereza. Mfalme aliye katika hali hiyo hawezi kuhesabiwa kwa mambo aliyoyataka. Ahesabiwe kwa yale aliyoyatia mkono.

La kwanza na kubwa ni amri ya tarehe 6 Aprili, 1897. Kwa amri hiyo, sheria ya Unguja na Pemba iliacha kuutambua utumwa. Haikuwa amri kamili. Mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kortini kudai uhuru wake, bwana wake alipwe fidia, na masuria hawakuhesabiwa. Katika mwambao wa Kenya jambo hilo halikufika mpaka mwaka 1907. Hata hivyo mlango ulifunguliwa, na baada ya siku ile haukufungika tena. Malkia wa Uingereza alimpa nishani kubwa mwaka 1898, na mwanawe Ali akapelekwa kusoma Harrow, shule ya wakubwa wa Kiingereza.

Ninaitaja amri hiyo katika habari za tarumbeta kwa sababu. Wengi wa wale walioibeba beni mabegani mwao hawakuwa watoto wa majumba. Walikuwa vijana wa mjini, wachukuzi, mabaharia, na watu waliotoka utumwani au waliozaliwa na watumwa. Mtu ambaye jana aliitwa mtumwa wa fulani, leo alivaa kofia na mkanda akaitwa kapteni. Kwa mtu wa namna hiyo, ngoma ile haikuwa mchezo tu.

MAILI KUMI NA MAILI 250

Sasa twende Ukambani. Katika zama za Seyyid Barghash, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita Kibwezi na Nzaui kuelekea Machakos, na wengine Kitui, wakitafuta pembe. Wakamba nao walikuwa mabwana wa biashara hiyo tangu zamani. Kivoi wa Kitui, aliyeuawa karibu na Mto Tana mwaka 1851, alikuwa akiongoza misafara mikubwa mpaka Mombasa. Bendera nyekundu ilionekana huko bara, lakini kuonekana kwa bendera si kutawala. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaamua kwamba Sultani ana haki ya ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini. Nchi yote ya nyuma waligawana wao. Kitui na Makueni zikaangukia upande wa Waingereza, na wenyewe Wakamba hawakuulizwa. Mwaka 1895 hata ukanda ule wa maili 10 uliwekwa chini ya usimamizi wa Waingereza, nao wakawa wanailipa serikali ya Unguja kodi kila mwaka.

Reli ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896, mwaka ule ule wa mizinga ya Unguja. Kazi yake ililetewa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walipoteza maisha. Mwaka 1898 simba wa Tsavo waliisimamisha kazi. Tarehe 30 Mei, 1899, reli ikafika Nairobi. Kabla ya hapo, vyuma vilipokuwa vinakaribia maili 250, Seyyid Hamud alialikwa kuja kuitazama kazi hiyo, na kwa heshima ya ziara yake kituo kilichojengwa hapo kikapewa jina lake.

Msomaji, lifikirie jambo hilo. Gari la moshi liliondoka mjini Mombasa, chini ya bendera yake. Halikwenda mbali ikapitwa maili ya 10, mwisho wa nchi iliyokuwa ikihesabiwa kuwa yake. Kutoka hapo mpaka maili 250 alikuwa mgeni kama wageni wengine, katika nchi ambayo misafara ya baba zake ilipita na bendera na baragumu. Wenye reli walimpa ubao wenye jina lake. Nchi walibaki nayo.

Mimi nimeshuka katika kituo kile mara kadhaa na kuyasema haya kwa wenyeji. Wazee wa Kikamba niliozungumza nao walicheka, si kwa dharau, bali kwa kuwa wao pia hawakupata kuulizwa kuhusu jina la mji wao.

BURUJI YATOKA KASRINI

Katika miaka hiyo ya 1890, Mombasa na Lamu zilizuka ngoma mpya. Watu waliziona gwaride za askari na beni za wakubwa, wakasema nasi tutafanya. Jina lenyewe, beni, ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu. Mombasa ikagawanyika vyama viwili vikuu, Kingi na Skochi, kila kimoja na mfalme wake, majenerali wake na makapteni wake, sare zake na nyimbo zake za kumchoma mpinzani. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu, na zaidi ya yote kwa sauti.

Hapa niseme kama fundi. Buruji ni bomba la shaba lililokunjwa, basi. Halina tundu la kuziba wala kibonyezo. Mpulizaji hubadilisha sauti kwa kukaza na kulegeza midomo, na bomba lenyewe humchagulia sauti za kutoa. Milio yote ya askari, ya kuamka na ya kulala, imetungwa kwa sauti tano tu, na kati yake ziko nafasi kubwa usizoweza kuzijaza hata upulize mpaka mishipa ikutoke. Wimbo wa Kiswahili wenye sauti zinazofuatana karibu karibu hauingii humo. Basi mpangaji wa beni hana budi kuwa na akili. Wimbo huwapa waimbaji, au tarumbeta lenye vibonyezo kama chama kina fedha za kulinunua. Buruji huzipa kazi ya kuita na kuitikia, na huziweka pale ambapo wimbo unapumua. Ngoma kubwa hushika mwendo, ngoma ndogo hujaza yaliyobaki. Kilichopungua katika shaba kinalipwa na ngozi.

Jambo hili halikuwa letu peke yetu. Huko Marekani, askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya 1914–18 walianzisha vikundi vya ngoma na buruji, wakawafunza watoto wao. Nao walikutana na taabu ile ile ya sauti chache. Wakazigawa buruji kubwa na ndogo, kila moja ikapewa sauti zake. Baadaye wakaongeza kibonyezo kimoja, kisha cha pili, na leo wanapuliza ala kamili. Buruji zao za kale sasa hutafutwa na kutunzwa kama johari. Tofauti yetu na wao ni hii: wao wametunza vyombo, sisi tumetunza ngoma tu.

Na penye kukosa shaba, Mwafrika hakushindwa. Kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako beni ilifika na watu waliorudi vitani, vijana walitengeneza tarumbeta za kibuyu, wakaweka utando mwembamba unaotetema mtu akiimbia ndani. Kule Malawi ngoma hiyo huitwa malipenga. Anayeisikia kwa mbali hudhani kikosi kizima kinapita.

BENI YAPANDA BARA

Vita vya 1914 ndivyo vilivyoipeleka beni mbali. Wakamba wengi walichukuliwa, wengine kuwa askari wa K.A.R., na wengi zaidi kuwa wachukuzi wa mizigo katika lile jeshi la wapagazi lililotuachia jina la Kariakoo. Wakaishi kambini pamoja na watu wa pwani, wa Tanganyika na wa Nyasa, wote wakiamshwa na buruji moja. Maelfu ya wachukuzi hawakurudi. Waliuawa na maradhi na njaa zaidi ya risasi. Waliorudi walirudi na hatua za gwaride miguuni.

Wakamba wana ngoma zao za asili tangu kale, kama vile kilumi, ngoma ya wazee, ya tiba na ya kuomba mvua. Lakini wanayo pia ngoma ya vijana, ya kuruka na kujipindua kwa ngoma na filimbi, nayo huitwa mbeni. Jina hilo, kwa sikio la mtu wa Mombasa, halihitaji mkalimani. Nimeitazama ikichezwa na vijana wa Kitui, nikauona mstari, nikaisikia filimbi ya kiongozi ikiamuru na ngoma zikiitikia, na mkono wangu ukatafuta tarumbeta ambayo sikuwa nayo. Wamefanya yao kabisa, hata mtu asiyejua hawezi kufikiri ina jamaa pwani. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa: ngoma iliyoazimwa ikichezwa vizuri huwa ya mwenye miguu.

Angalia basi njia za Mwenyezi Mungu. Bendera ya Sultani ilizuiwa maili 10 kutoka baharini kwa kalamu ya wakubwa wawili. Lakini ngoma ya wachukuzi wake na wana wa watumwa wake haikuzuiwa na mtu. Ilipita Mtito Andei na Kibwezi bila ya mkataba.

MWISHO WAKE

Seyyid Hamud alifariki tarehe 18 Julai, 1902, kabla ya kutimiza miaka sita kitini. Mwanawe Ali alirithi akiwa kijana wa miaka 18, na nchi ikaongozwa kwa niaba yake na Mwingereza A. S. Rogers mpaka mwaka 1905. Seyyid Ali alichoka na kiti ambacho hakina amri. Mwaka 1911 alijiuzulu akaenda kuishi Ulaya, akafia Paris mwaka 1918. Kiti kikamwendea Seyyid Khalifa bin Harub, mume wa Bibi Matuka binti Hamud, naye akakaa mpaka mwaka 1960. Bendera nyekundu iliteremshwa katika mwambao wa Kenya Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari, 1964, Mapinduzi yakaumaliza usultani wa Unguja.

Kwa maoni yangu Seyyid Hamud hakuwa shujaa wala hakuwa mhaini. Alikuwa mtu aliyepewa heshima zote za mfalme, mizinga ya saluti, beni mlangoni, nishani kifuani na ubao kituoni, mahali pa ufalme wenyewe. Maisha yake ni funzo kwa kila mwenye cheo: tarumbeta linaweza kumpigia mtu kwa sauti kubwa na bado amri ikawa kwa mwingine. Na amri ya 1897, hata kama aliiandikiwa, ilikuwa na muhuri wake, na waliofunguliwa nayo hawakuuliza kalamu ilikuwa ya nani.

Neno langu la mwisho ni kwa wenzangu wa pwani. Katika nyumba zetu za Mji wa Kale, Lamu na Unguja zimebaki buruji na tarumbeta za vyama vya babu zetu, zimebonyea, zimeota kutu ya kijani. Kila mwaka nyingine huuzwa kwa mzani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na shaba yake huyeyushwa. Mwenye nayo asiiuze. Aandike kwenye karatasi jina la aliyeipuliza, chama chake na mtaa wake, aifunge pamoja nayo, kisha aitunze au aipeleke makumbusho. Sultani alipata ubao wa kituo unaomtaja mpaka leo. Wale waliopuliza hawana ubao mwingine ila shaba ile.